Padri wa Mnyororo na Akina Mama wa Zamu

Ukiingia nyumba ya Mkatoliki kule Kalamba, kaunti ya Makueni, huenda macho yako yakakutana na kalenda kabla hayajakutana na mwenye nyumba. Imetundikwa kwa msumari karibu na picha ya harusi, na si ajabu ikawa ya miaka minne iliyopita. Haitupwi. Miezi ikiisha, tarehe hukatwa kwa makasi na mtakatifu hubaki pale ukutani, akiwatazama watoto wakifanya kazi zao za shule. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoanza kujifunza kutazama sanaa ya uchoraji, hata kama hakuna mwalimu anayeliita hilo somo.

Mmoja wa watakatifu wanaopamba kuta kwa namna hiyo ni Vincent de Paul, padri Mfaransa aliyefariki mwaka 1660 na ambaye sikukuu yake ni Septemba 27. Aghalabu huchorwa akiwa mzee mwenye ndevu fupi nyeupe, kanzu nyeusi, na mtoto mchanga wa kuokotwa mikononi. Leo, mpenzi msomaji, tuiache hiyo ya mtoto. Tutazame nyingine, kubwa na nzito zaidi, ambayo wengi wetu tutaiona vitabuni tu. Iko mbali mno na Kalamba, ila swali linaloletwa nayo ni la nyumbani kabisa.

Picha hiyo iko jijini Paris katika kanisa la kale liitwalo Saint-Nicolas-des-Champs. Ilichorwa mwaka 1865 na Léon Bonnat, aliyekuwa na umri wa miaka 32. Habari yake ni hii: padri Vincent amewakuta wafungwa wanaopelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme. Amemwona mmoja aliyekata tamaa kabisa. Badala ya kumpa pole na kwenda zake, padri anaomba pingu zifunguliwe mguuni mwa yule mfungwa na zifungwe mguuni mwake yeye mwenyewe. Bonnat aliichagua nukta hiyo hasa, pale mnyororo unapohama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

Wanafunzi wanaosoma uchoraji watapenda kujua ufundi huo ulitoka wapi. Ufaransa ya karne ya 19 ilikuwa na utaratibu mkali wa kuwafunza wachoraji. Kijana alianza kwa kunakili sanamu za plasta, akaendelea na kuchora mwili wa mtu aliyesimama uchi mbele ya darasa kwa saa nyingi, na baada ya miaka ndipo aliporuhusiwa kujaribu visa vikubwa vya Biblia, vya historia na vya watakatifu. Picha za visa hivyo zilihesabiwa kuwa za daraja la juu kuliko za mashamba, za matunda au za sura za watu. Hiyo ndiyo iliyoitwa sanaa ya akademia. Baadaye walikuja vijana waliochora nje juani kwa rangi za harakaharaka, wakaicheka akademia, na dunia ikawafuata wao.

Bonnat lakini hakuwa mtu wa akademia tu. Alizaliwa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na sehemu ya ujana wake aliishi Madrid, ambako baba yake alikuwa na duka la vitabu. Huko alikutana na kazi za Wahispania kama Ribera na Velázquez, watu waliopenda giza zito nyuma na mwanga mkali juu ya ngozi. Ndiyo maana watakatifu wa Bonnat hawaelei mawinguni. Wana misuli, wana kucha, wana uchovu. Ukitazama mnyororo alioupaka rangi unaweza kukisia uzito wake kwa ratili. Miaka iliyofuata akawa tajiri kwa kuchora sura za wakubwa, Victor Hugo akiwa mmoja wao, akafundisha wengi, akafariki mwaka 1922.

Merikebu zile zenyewe zilikuwa jehanamu. Zilikuwa vyombo virefu vyembamba vinavyokwenda kwa makasia hata upepo usipokuwapo. Wavutaji walifungwa minyororo kwenye mabenchi, watu watano kasia moja, na hapo walikula, walilala na walijisaidia. Wengine walikuwa wauaji na wezi kweli. Wengine walikuwa askari waliotoroka jeshi, au maskini waliokamatwa na chumvi ya magendo kwa kuwa mfalme aliitoza chumvi kodi kubwa. Wengine walikuwa Waislamu walionunuliwa kama watumwa katika bandari za Bahari ya Kati. Wakati huo Vincent alikuwa akiishi katika nyumba ya Philippe-Emmanuel de Gondi, jenerali wa merikebu hizo, akiwafundisha watoto wake, na mwaka 1619 mfalme Louis wa 13 alimteua kuwa padri mkuu wa merikebu zote za Ufaransa. Kwa hivyo wafungwa aliwajua. Harufu yao aliijua.

Je, kweli alivaa pingu za mfungwa?

Hapa wanafunzi wa historia tegeni sikio. Kisa hicho kimo katika kitabu cha kwanza cha maisha yake, kilichoandikwa na Louis Abelly na kutolewa mwaka 1664, miaka minne baada ya kifo chake. Abelly mwenyewe anakisimulia kama jambo alilosikia, wala hasemi alilishuhudia. Vincent aliacha maelfu ya barua, naye hakulitaja. Tena tumia akili ya kawaida: wafungwa walihesabiwa, kila kichwa kilikuwa na karatasi yake, na askari ambaye angemwachilia mhalifu ili amfunge padri wa mfalme angekuwa na maelezo marefu ya kutoa. Wanahistoria wengi wa leo wanakitilia shaka kisa hiki. Mimi pia nakitilia shaka, na wala sioni kwamba shaka hiyo inampunguzia Vincent chochote. Pengine inatusaidia kumwona vizuri zaidi, kama tutakavyoona.

Kabla ya hapo, neno moja juu ya minyororo. Bonnat alipokuwa akipaka pingu rangi kule Paris mwaka 1865, hapa kwetu pwani pingu zilikuwa kazini. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi na lilifungwa mwaka 1873 tu. Mapadri wa Kifaransa walikuwa wamefika kisiwani humo mwezi Desemba 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Armand Fava, na kazi yao mojawapo ilikuwa kwenda sokoni kuwanunua watoto ili wawaweke huru. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliichukua kazi hiyo miaka michache baadaye, wakafungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868.

Ukisikia hivyo utasema, haya basi, ile picha imetimia Afrika Mashariki. Si rahisi hivyo. Kila rupia iliyomkomboa mtoto iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara, naye alijua pa kwenda kutafuta mwingine. Hao waliokombolewa nao hawakuachwa waende watakako. Waliishi kwa kengele ya misheni: sala, shule, shamba, karakana, na kuoana kwa mpango wa mapadri. Ni heri hiyo kuliko jahazi la kwenda Arabuni, hilo halina mjadala. Lakini mtu anaweza kufunguliwa mnyororo wa chuma na bado asiulizwe anataka nini. Wamisionari hao hao ndio walioipeleka imani yao bara, wakafungua Kabaa, misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Ukambani, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Waumini wa Kalamba ni wajukuu wa safari hiyo. Kwa miaka mingi walikuwa chini ya jimbo la Machakos, na tangu mwaka 2023 wako chini ya jimbo jipya la Wote.

Sasa turudi kwa Vincent, miaka miwili kabla ya uteuzi wa merikebu. Kiangazi cha mwaka 1617 alikuwa paroko wa mji mdogo uitwao Châtillon, mashariki mwa Ufaransa. Jumapili moja ya Agosti, akijiandaa kwa Misa, aliletewa habari kwamba nje kidogo ya mji kuna nyumba ambamo watu wote wameugua kwa pamoja, hata hakuna wa kumpa mwenzake maji. Vincent aliwaeleza waumini katika mahubiri. Alasiri alishika njia kwenda kuwaona wagonjwa, na njiani alikuta makundi ya watu, wanawake kwa wengi, wengine wakienda, wengine wakirudi, na wengine wameketi kando ya barabara kupumzika kwa kuwa jua lilikuwa kali. Wote walikuwa wamepeleka chakula.

Padri mwingine angerudi nyumbani akashukuru kwa mahubiri mema. Vincent yeye alipiga hesabu. Chakula hicho chote kimefika siku moja. Watakula kiasi, kingine kitaharibika, na baada ya siku mbili tatu nyumba itakuwa na njaa ile ile iliyokuwa nayo Jumamosi. Ukarimu upo tele, alisema, ila haukupangwa. Siku tatu hazikupita kabla hajawakutanisha wanawake wachache wa mji huo ili wagawane siku. Leo huyu anapika, kesho yule, keshokutwa mwingine, hadi mgonjwa apone au azikwe.

Kanuni walizoandikiana kabla ya mwaka huo kwisha zingalipo, na kwangu mimi zina uzuri kuliko picha yoyote aliyochorwa. Hazisemi maneno makubwa. Zinaeleza jinsi mama wa zamu atakavyoingia: amsalimu mgonjwa kwa uchangamfu, amwekee meza ndogo kitandani, atandike kitambaa safi, aweke kijiko na mkate, amnawishe mikono, wasali, kisha amkatie nyama na kumhimiza ale. Na kuna sharti moja ambalo lazima liliandikwa na mtu aliyewahi kuwaona wagonjwa wengi: mama aanze na mgonjwa ambaye ana mtu wa kukaa naye, amalizie na yule aliye peke yake, ili huyo wa mwisho aweze kukaa naye muda mrefu zaidi.

Hebu nipeni mchoraji anayeweza kuchora sharti hilo. Haiwezekani. Picha ya akademia ilihitaji tukio moja, kilele kimoja, mtu mmoja mbele akimulikwa na wengine gizani. Zamu haina kilele. Zamu ni Jumanne, tena Jumanne, tena Jumanne. Ndiyo maana Bonnat, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alichora mnyororo. Mnyororo unachoreka.

Na hapa ndipo ninapoiona Kalamba. Wengi wenu mnaousoma ukurasa huu mkiwa Nairobi au Mombasa mna nyanya au shangazi huko ama mahali kama huko, ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui au huku upande wa Makueni. Mnajua mambo yanavyokwenda. Mtu akipatwa na kiharusi, au akirudishwa kutoka hospitali ya mbali akiwa hawezi tena kujigeuza, habari husambaa kabla gari halijazimwa. Juma la kwanza ua hujaa. Kuku, ndizi, sukari, maziwa, ndengu, debe la mahindi. Ndizi huiva zote kwa pamoja na maziwa huganda. Watoto waliotoka mjini huja na maji ya chupa na picha hupigwa. Juma la tatu ua ni mtupu, na mwenye kumgeuza mgonjwa usiku ni mtu mmoja tu, kwa kawaida mke, ama msichana aliyekatizwa shule kimyakimya. Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kila mmoja alitoa. Ila wote walitoa Jumapili ile ile.

Sisi Wakenya tuna msemo tunaoupenda katika michango: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Lakini watu wa Châtillon walikuwa na moyo wa kutosha kujaza barabara, na bado ile nyumba ingelala njaa kufikia Alhamisi.

Jambo hili huwa kubwa zaidi mvua inapokosekana, na Ukambani unayajua hayo kuliko sehemu nyingi. Wazee hawazitaji njaa zao kwa nambari za miaka, wanazipa majina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 inaitwa Ngomanisye. Ile ya mwaka 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na hakukuwa na chakula cha kununua. Chakula cha msaada nacho kina jina lake, mwolyo, na kila mtoto wa huko analijua.

Mwolyo ukija kwa lori siku moja, mbele ya chifu, huwa una kilele kama cha Bonnat. Kuna mgeni wa heshima. Kuna gunia lenye mkono wake juu na mkono wa mama mzee chini, na wote wawili wameambiwa watazame kamera. Kisha gorogoro hupimwa, foleni hujikunja juani, na mzee asiyeweza kutembea hadi uwanjani hukosa, kwa kuwa aliyemwandika katika orodha hakujua kwamba hatembei. Sisemi picha zisipigwe. Aliyetoa ana haki ya kuona kilichotolewa, na lori halijiendeshi lenyewe. Nasema tu kwamba picha hiyo ilipigwa siku rahisi kuliko zote. Swali la wiki ya pili halina mgeni wa heshima.

Vincent aliyajua maswali ya wiki ya pili. Vita vilipoliangamiza jimbo la Lorraine, kuanzia mwaka 1639 alituma misaada huko kwa miaka mfululizo. Fedha zilibebwa na bruda mmoja aitwaye Mathieu Regnard, ambaye alipita katikati ya majeshi na wanyang'anyi zaidi ya mara hamsini, dhahabu ikiwa ndani ya mfuko wa ombaomba, wala hakuibiwa. Baadaye, katika vita vilivyofuata, taarifa za hali ya wenye njaa zilichapishwa Paris na kugawiwa kwa wafadhili ili wajue mahitaji yalivyo na fedha zao zinakwenda wapi. Zilisambazwa hata karatasi za kuelekeza jinsi ya kupika supu ya watu 100, viungo na vipimo. Mtakatifu wa vipimo vya supu! Hilo nalo halijachorwa.

Kinababa mtanisamehe kwa linalofuata. Katika nyumba hizo za huruma fedha zilishikwa na wanawake, na baada ya uzoefu wa miaka mingi Vincent aliandika kwamba hesabu za wanawake hakuziona na dosari, ila kwa wanaume hangeweza kutoa ushahidi kama huo. Ameyasema yeye, si mimi. Mwaka 1633, pamoja na mjane aitwaye Louise de Marillac, alianzisha Mabinti wa Huruma, masista wasiofungiwa nyuma ya kuta kama ilivyokuwa desturi ya watawa wa wakati huo. Wengi wao walikuwa wasichana wa vijijini. Anayehesabiwa kuwa wa kwanza, Marguerite Naseau, alikuwa mchunga ng'ombe ambaye alijifunza kusoma malishoni kwa kuwasimamisha wapita njia na kuwauliza herufi. Aliwafundisha wasichana wenzake, akawauguza wagonjwa, na akafa mwaka huo huo wa 1633 baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni. Masista hao ndio waliokwenda kuwahudumia wafungwa wa merikebu, kupika, kufua na kufunga vidonda vilivyokwanguliwa na chuma. Kama mnyororo wa yule mfungwa uliwahi kuwa mwepesi, ulifanywa mwepesi na mikono hiyo.

Kalamba haihitaji kufundishwa zamu kutoka Ufaransa. Ukambani una mwethya tangu enzi za mababu: leo tunalima kwako, kesho tunajenga kwangu, na asiyefika anajulikana. Ndio walioyainua mabwawa ya mchanga, kazi ambayo kikundi cha Utooni kilianza mwaka 1978 na ambayo imesambaa sana katika nchi hizo kavu. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuvuka mto wa msimu. Mvua ikinyesha, maji huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake ambako jua haliyafikii. Mawe hayo yalibebwa kwa zamu, mengi yake na akina mama. Ajabu ni kwamba watu hao hao, wanaoweza kupanga nani alete mawe Jumatano, hatuwapangi nani akae na mgonjwa Jumatano. Jumuiya ndogondogo za parokia hukutana kila wiki, vyama vya akina mama hukutana kuchanga, kitabu cha mahudhurio kipo na kalamu ipo. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wenye siku saba na majina saba, pamoja na mtu wa kuuliza kwa nini Ijumaa imeachwa wazi.

Na nyinyi wanafunzi msiseme hayo ni ya watu wazima. Mwaka 1833, mwaka aliozaliwa Bonnat, wanafunzi wachache wa Paris waliudhika kuulizwa na wenzao kwamba dini yenu ilifanya mema zamani, je, leo mnafanya nini? Mmoja wao, Frédéric Ozanam, alikuwa na umri wa miaka 20. Walimwendea sista mmoja wa Mabinti wa Huruma, Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wake kwa majina na kwa ngazi za nyumba zao, naye akawapa anwani. Walikwenda wawili wawili, wakipeleka kuni na mkate, na wiki iliyofuata walirudi katika nyumba zile zile. Ndicho Chama cha Mtakatifu Vincent de Paul, ambacho leo kipo katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Ozanam alitangazwa mwenye heri mwaka 1997. Wawili wawili, nyumba ile ile: hata mwanafunzi wa bweni aliyekwenda likizo anaweza kumwandikia barua mzee asiyeona, au kumsomea ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliye mbali, kila Jumamosi hadi shule ifunguliwe. Akimpata mwenzake wa kuendelea muhula ukianza, wamefanya Châtillon.

Mtauliza basi tuifanyeje ile picha ya Bonnat. Mimi ningeiacha pale ilipo, na kama mtoto angenionyesha katika kitabu ningemwambia aitazame vizuri, hasa pingu. Kuna siku ambapo mtu lazima aone uzito wa mnyororo ndipo miguu yake ianze kwenda. Wale wa Châtillon nao walianza kwa mahubiri yaliyowagusa Jumapili moja. Ila ningemwonyesha pia watu wa gizani, nyuma, ambao mchoraji hakuwapa mwanga, nikamuuliza anadhani nani atawaletea hao chakula kesho yake.

Vincent mwenyewe hakutaka kuchorwa. Inasemekana kwamba alipozeeka wenzake walitamani wabaki na sura yake, naye akakataa katakata. Basi walimleta mchoraji mmoja, Simon François wa Tours, wakamkaribisha nyumbani kama mgeni wa kawaida. Alimtazama mzee kwa siri, mezani na katika sala, kisha akaenda kando kuchora alichokikumbuka. Zile ndevu fupi nyeupe, kofia ndogo na macho yenye utani kidogo zinatokana na kazi hiyo ya kuibia, na ndizo zinazoonekana kwenye kalenda.

Tukutane Jumapili ijayo.